Siku Niliyompa Mwenyekiti Mgongo

"Mama, leo usiongee."

Binti yangu aliyasema hayo hata salamu hajatoa. Nilikuwa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia, nimeinama, natandaza dagaa juu ya neti, jua ndiyo kwanza linachomoza upande wa Bunda. Mitumbwi ilikuwa imerudi muda si mrefu na wanaume walikuwa wanakung'uta nyavu huku wanapiga miayo.

"Nisiongee wapi?"

"Mkutanoni. Mama, unajua. Si ainuke mtu mwingine aseme? Kwani lazima iwe wewe? Mume wangu ndiye anakaa kwenye kiti. Watu watatucheka."

Hasira zangu ziko karibu, mwaloni kila mtu anajua. Nilinyoosha mgongo, mikono yote magamba, nikamwuliza, "Na nikinyamaza, wewe kesho utaanika wapi? Kitandani kwako?"

Aliinama upande wa pili wa neti akaanza kunisaidia, uso umemshuka. Nilimwonea huruma ila sikumwambia.

Mgeni akipita pale haoni kitu. Anaona mchanga, mawe bapa na neti kuukuu. Lakini huo ndio uwanja wa kuanika wa wanawake wa kijiji kizima. Wanaume wanavua kwa taa usiku wa giza, asubuhi sisi tunapokea, tunatandaza, tunageuza, jioni dagaa wamekauka kau kau, wanapakiwa kwenda Bunda, wengine Butiama, wengine mpaka Mugeta kwa wafugaji, ambao wana nyama yao lakini bado wanatuulizaga dagaa wa ziwani. Mimi nilizaliwa upande wa Butiama, kwenye mihogo na ng'ombe, sikuwahi kushika samaki mbichi mpaka nilipoolewa huku. Mama mkwe wangu ndiye aliyenipeleka pale, akanionyesha jiwe lake, akasema hapa ndipo utaanika. Alipofariki, jiwe likabaki kwangu. Watoto wangu wote wamesoma kwa jiwe lile.

Kisha akaja mwekezaji wa vizimba, yale mazizi ya nyavu yanayoelea ziwani kufugia sato. Vizimba vyenyewe hatukuvikataa, ziwa ni kubwa. Ila alitaka na uwanja wetu, ajenge stoo ya chakula cha samaki na barafu, azungushe uzio mpaka majini. Tukaambiwa sisi tutapewa sehemu nyingine nyuma ya kilima, pale ng'ombe wanapopita kwenda kunywa. Jamani! Dagaa waanikwe kwenye mavi ya ng'ombe, halafu nani anunue?

Tukaandika barua ya kupinga. Niliiandika mimi, kwa sababu nasomaga masomo kanisani na mwandiko wangu unasomeka. Wanawake wakasaini, wasiojua kusaini wakaweka dole gumba. Mtendaji wa kijiji akaigonga mhuri, akasema itafanyiwa kazi. Tukasubiri wee. Tukaenda kata, kata wakasema iko halmashauri. Tukaenda Musoma, halmashauri wakasema iko kata. Walitupiga danadana mpaka nikawa naota ile barua.

Mara ya mwisho tulikwenda Musoma mimi na jirani yangu, yule ambaye jiwe lake limepakana na langu. Tulilala kwa dada yangu anayekaa Kamunyonge ili tuwahi kikao cha madiwani. Tulivaa vitenge vya Jumapili, tukakaa kwenye viti vya nyuma, vya wananchi. Feni zinazunguka, watu wanafungua makabrasha, ukurasa huu, aya ile. Mradi wa vizimba ulipotajwa nilisogea mpaka ukingoni mwa kiti. Mmoja akasoma kwamba eneo hilo la ufukwe halina matumizi yoyote rasmi.

Halina matumizi! Nikajikuta nimesimama.

"Waheshimiwa, huo uwanja..."

Askari akanishika bega. "Mama, kaa chini. Huku nyuma ni kusikiliza tu."

Waligeuka kunitazama, wengine wakatabasamu, wakaendelea na ukurasa mwingine. Nilikaa. Machozi yalinitoka, ya hasira, nikataka kusimama tena, jirani yangu akanikanyaga mguu.

Nje, karani mmoja wa kike alitufuata mpaka getini. Alikuwa anaongea haraka haraka, anaangalia nyuma. "Mama zangu, huku mnajichosha. Ardhi ni ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji usipokubali, hawachimbii hata nguzo moja. Kule ndiko mna mdomo. Mkiitwa msikose, na msiondoke kabla ya kura." Sijamwona tena yule dada. Namwombeaga.

Nilipaswa kufurahi, lakini sikuweza. Mkutano wa kijiji unaendeshwa na mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti wetu, tangu uchaguzi uliopita, ni mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Asiyetoka kwetu lazima nimweleze. Huku kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali meza moja, hawapeani mkono. Nikimwona anakuja njiani napinda kwenye mihogo. Akiniona yeye kwanza, anapinda yeye. Si chuki, ni heshima, tena ile kubwa. Mchungaji anasema hayo ni ya zamani, na najua mjini siku hizi watu wanakulaga na wakwe zao sahani moja huku wanacheka. Haya, hao ni wao. Mimi tangu amchukue binti yangu sijawahi kumwona usoni vizuri. Namjua kwa mwendo, kwa sauti, na kwa kofia yake ya kijani.

Wanawake waliponichagua niwasemee, yeye alikuwa bado mvuvi tu, hakuna aliyefikiria. Alipochaguliwa nikawaambia watafute mwingine. Mwaloni pakawaka moto.

"Mwingine nani? Wewe ndiyo mdomo wetu!"

"Nitaongeaje mbele ya mkwe?"

Jirani yangu akasema, "Kwani lazima umwangalie? Ongea ukiangalia ziwa." Wakacheka wote. Mimi neno lile nilienda nalo nyumbani.

Na kilichoniuma zaidi, kila mtu alikuwa anajua mkwe wangu ameukubali mradi. Binti yangu aliniambia, anasema vijana watapata ajira. Nilikuwa nimemkasirikia sana, na hasira ya mkwe haina pa kwenda, maana huwezi kumwambia. Nilikuwa napika nayo, nafua nayo, nalala nayo.

Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, tena katikati ya giza la mwezi, siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, dagaa wanashuka kwa wingi na kila mwanamke yuko uwanjani anageuza. Aliyepanga alikuwa anajua anachofanya. Walitegemea tusije. Tukatandaza, tukaacha, tukaenda hivyo hivyo na kanga zetu zinanuka dagaa.

Tulikaa chini kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mbele waliweka meza, na mezani alikaa mkwe wangu, mtendaji wa kijiji, na afisa kutoka halmashauri, mgeni huku, kahamishiwa kutoka mkoa wa mbali. Mimi nilijibanza nyuma ya watu warefu, nimejifunika kanga mpaka machoni.

Afisa akaanza kueleza faida za mradi, na upande wa ziwa wingu likaanza kuinuka.

Mwanzo lilikuwa dogo. Jirani yangu akanigusa. "Unaliona?"

"Naliona."

Dagaa wakinyeshewa kabla hawajakauka wanakuwa uji. Wananuka, hata kuku hawataki. Na afisa anaongea. Ajira. Maendeleo. Barafu. Akifika mwisho anarudi mwanzo, mikono mfukoni, hana haraka yoyote. Niliona vichwa vya wanawake vinageuka ziwani, kimoja kimoja. Mmoja akainuka, akaanza kujifunga kanga.

"Kaa," nikamwambia, meno nimeyabana.

"Dagaa wangu watalowa!"

"Kaa chini! Ukiondoka sasa, kesho hutakuwa na pa kuanika hata hao waliolowa."

Alikaa, lakini alinitazama kwa jicho baya. Nikafikiri, wingu hili likitufikia kabla ya kura, nusu yao watakimbia, na mimi nitabaki hapa na kanga yangu. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na katikati ya sala namtukana afisa.

Hatimaye nikasikia sauti ya mkwe wangu, ya chini, kavu. "Kuna mwenye maoni?"

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi nikabaki nafunga na kufungua pindo la kanga. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni na wake wa wajumbe, kichwa amekiinamisha mpaka magotini. Jirani yangu akanisukuma kiunoni kwa nguvu ambayo bado namdai maelezo, nikainuka.

Nilipita katikati ya watu, macho chini. Nilipokaribia meza niliona viatu vya mkwe wangu vinarudi nyuma, chini ya kiti. Hapo nikageuka. Nikaipa meza mgongo, nikawatazama watu, na nyuma yao ziwa na lile wingu, sasa limekuwa jeusi.

"Wanakijiji, habari za asubuhi." Sauti ilitoka nyembamba, sikuitambua.

"Samahani mama," afisa akasema nyuma yangu. "Geukia meza."

Niliendelea. "Ule uwanja wanaosema hauna matumizi..."

"Mama! Unaongea na nani? Mkutano una utaratibu. Elekea kwa mwenyekiti."

Kijiji kizima kilikuwa kinajua kwa nini sigeuki, kuanzia wazee mpaka mgambo. Lakini nani alitamke? Kulitamka mbele za watu, na sisi wawili tupo pale, nayo ni aibu nyingine. Watu wakaanza kuangalia vidole vyao vya miguu.

"Hii sasa ni dharau." Sauti ya afisa ilikuwa imepanda. "Unampa mgongo mwenyekiti wako mbele ya wananchi? Geuka, au ukae chini. Mgambo!"

Mgambo wetu alipiga hatua moja, akasimama, akaanza kujikuna shingo.

"Sigeuki," nikasema. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, na nilijua wote mezani wanaliona. "Nitoeni kwa nguvu mkitaka. Sigeuki."

"Sawa. Basi maoni yako hayataandikwa. Mtendaji, usiandike."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kutukanwa nimezoea. Lakini kusema na kisha isiandikwe ni kulekule kwa Musoma, ni kukaa kiti cha nyuma tena, na safari hii hapakuwa na mkutano mwingine wa kukimbilia. Nilifikiri kugeuka. Nasema ukweli, nilifikiri. Nigeuke tu mara moja, nifumbe macho, niseme haraka, niondoke. Nikamwona binti yangu amekiinua kichwa, ananitazama, mkono mdomoni. Nikabaki nilivyo.

Kiti kikasukumwa.

"Mheshimiwa." Ilikuwa sauti ya mkwe wangu, lakini haikuja kwangu, ilikuwa inaelekea ukutani mwa darasa. Nikajua naye amegeuka. "Mheshimiwa, mwache. Huyo ni mama mkwe wangu. Huku kwetu hawezi kuniangalia, wala mimi siwezi kumwangalia. Dharau ingekuwa akigeuka."

Watu wakaguna. Afisa akavuta kabrasha lake, kisha akauliza, sasa kwa upole wa ofisini, "Kwa hiyo mwenyekiti una undugu na mlalamikaji?"

"Ndiyo."

"Basi huwezi kuendesha ajenda hii."

"Najua. Natoka. Wananchi wachague wa muda. Ila mama aandikwe."

Nikasikia hatua zake zinaondoka, zinapotelea nyuma ya madarasa.

"Amekimbia," mtu akanong'ona mbele yangu, na mimi niliamini hivyo hivyo. Nilimlaani, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, umetutamkia aibu yetu halafu umetuachia afisa.

Wakamweka mwenyekiti wa kitongoji cha jirani akae kwenye kiti. Sasa ningeweza kugeuka, hakuna aliyenizuia, lakini nilikuwa nimeshawazoea watu wangu. Nilibaki naangalia kule kule. Tone la kwanza likaniangukia mkononi, kubwa, la baridi. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima yakapotea.

"Mvua hiyo," nikasema. "Mnaiona. Dagaa wetu wako chini, wabichi, na hakuna mwanamke aliyeinuka hapa. Mnadhani tumepata wazimu? Kama ule uwanja hauna matumizi, sisi tunalowa kwa ajili gani?" Nikataka kuongeza jambo la mama mkwe wangu na jiwe lake, nikaona matone yanaongezeka, nikaacha. "Sina zaidi. Pigeni kura tuondoke."

Mwenyekiti wa muda hakuwa na muda. Akaita wanaokubali uzio, mikono ikainuka hapa na pale, mingi ya vijana waliokuwa wameahidiwa kazi, na siwalaumu. Akaita wanaokataa. Wanawake wakainua, maji yanawaingia kwenye makwapa. Kisha waume zao, wengine shingo upande. Nilimtafuta binti yangu. Kichwa alikuwa amekiinamisha tena, lakini mkono ulikuwa juu.

Mtendaji akahesabu, waliokataa wakazidi, akaandika huku amefunika daftari kwa koti. Afisa akasema itapelekwa halmashauri kama ilivyo, na kwamba mwekezaji ana haki ya kuleta ombi lingine. Alete. Sikungoja kusikia zaidi. Sote tulikuwa tumeshaanza kukimbia.

Nilikimbia na magoti yangu mabovu, kanga inaning'ang'ania miguuni, na njia nzima nilikuwa nalia, nusu kwa furaha, nusu kwa dagaa. Mvua ilikuwa imefunga, ziwa halionekani. Nilijua nitakachokuta.

Nilikuta neti za juu zimekunjwa. Nyingine zimefunikwa maturubai ya mitumbwi, mawe yamewekwa pembeni yasipeperuke. Wanawake walisimama, wakatazamana. Zile za karibu na maji dagaa wake walikuwa wameshaharibika, hilo ni kweli, na wenye nazo walipiga yowe. Lakini nyingi zilikuwa salama, na kwenye jiwe langu, ambalo liko katikati, mwanamume mmoja alikuwa amechuchumaa, shati limemganda mwilini, anazoa dagaa kwa viganja viwili anatia kwenye beseni. Alikuwa na kofia ya kijani.

Mwaloni kwetu kazi ya mwanamume inaishia kwenye mtumbwi. Uwanjani hakanyagi, akikanyaga anatungiwa jina. Na yule hakuwa ameanzia kwangu. Alianza juu, kwa wengine, akawa anashuka.

Alitusikia. Mgongo wake ukanyooka, kisha akageuka taratibu akielekea ziwani. Mimi nikageuka kuelekea kilimani, nikapiga magoti upande wangu wa neti, nikaanza kuzoa. Tulizoa hivyo, yeye huko, mimi huku, mvua inatupiga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na kwanza kabisa kumwomba radhi kwa laana yangu, na hakuna hata moja lililoruhusiwa kutoka mdomoni.

Binti yangu alifika anahema, akasimama katikati yetu. Alipokea beseni mkononi mwa mumewe, akaniletea.

"Mwambie," nikasema, kwa sauti ya kusikika, "zile za kule pembeni bado hazijafunikwa."

Akamwambia, ingawa alikuwa ameshasikia. Mumewe akachukua turubai, akaenda kuzifunika.